Mada ya 9: Kurithishana Ufundi katika Ukoo – Tingatinga, Lilanga na Wachoraji Waliowafuata

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii utaweza:

(a) kueleza maana ya ulezi wa kisanaa, uanagenzi, mtindo na kughushi;
(b) kueleza jinsi Edward Saidi Tingatinga alivyowafundisha ndugu zake, na jinsi mtindo wake ulivyoendelea baada ya kifo chake;
(c) kulinganisha urithi wa Tingatinga na urithi wa George Lilanga;
(d) kujadili faida na hasara za kijana kufuata mtindo wa mzee wa ukoo wake;
(e) kupanga na kuandika jibu la insha kuhusu mada hii.

9.1 Utangulizi

Mwanafunzi, maswali ya mada hii huonekana mepesi, na wepesi huo ndio unaowaponza watahiniwa. Wengi huandika kwamba "wanafunzi walimuiga mwalimu wao", wakataja majina mawili, wakaishia hapo. Jibu la namna hiyo halionyeshi kilichorithiwa, njia kiliyopitia, wala kilichobadilika njiani.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Mtoto anayembebwa mgongoni huona kwanza kile kilicho mbele ya macho yake, na ndivyo anavyojifunza kijana anayekaa karibu na mzee anayechora. Lakini kutazama peke yake hakutoshi kueleza kwa nini mtindo mmoja hufa pamoja na mwenyewe, na mwingine ukaishi zaidi ya miaka 50 baada ya mwenyewe kuzikwa. Mada hii inajibu swali hilo kwa kutumia mifano miwili ya Tanzania.

9.2 Maneno ya msingi

*Mtindo* ni jumla ya sifa zinazomwezesha mtazamaji kutambua kazi ya msanii au ya kundi fulani bila kusoma saini. Sifa hizo ni kama aina ya mistari, rangi, mpangilio wa picha na mambo yanayochorwa.

*Uanagenzi* ni kujifunza kazi kwa kuifanya chini ya fundi. Mwanagenzi hasomi kwanza akafanya baadaye. Anafanya huku anasahihishwa.

*Ulezi wa kisanaa* ni mpana kuliko uanagenzi. Mlezi humfundisha kijana ufundi, na pia humpa mahali pa kufanyia kazi, humjulisha kwa wanunuzi na humwonyesha namna ya kuishi kwa kazi hiyo.

*Usuli* ni sehemu ya nyuma ya picha, yaani eneo lililo nyuma ya mnyama, mtu au kitu kinachochorwa.

*Kughushi* ni kutengeneza kazi kisha kuiwekea jina au saini ya mtu mwingine ili mnunuzi aamini kuwa ni ya mtu huyo.

Zingatia: Neno *Tingatinga* lina matumizi matatu. Tingatinga ni mtu, Edward Saidi Tingatinga. Tingatinga ni mtindo wa uchoraji uliopewa jina lake. Na tingatinga, kwa herufi ndogo, ni gari kubwa la kulimia au kusawazisha barabara. Unapojibu swali, sentensi yako ioneshe unazungumzia ipi. Andika "picha ya mtindo wa Tingatinga" pale ambapo "picha ya Tingatinga" inaweza kumfanya msahihishaji adhani mchoraji ni Edward mwenyewe.

9.3 Mfano wa kwanza: Edward Saidi Tingatinga

*Maisha yake kwa ufupi*

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, aliondoka kwao kutafuta kazi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, ambako aliajiriwa kazi za nyumbani na vibarua vingine. Hakusoma shule ya sanaa. Alianza kuchora mwaka 1968, akiwa mtu mzima wa miaka 36 hivi.

Vifaa vyake vilikuwa vile alivyoweza kuvipata mjini. Badala ya turubai alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa kujengea. Badala ya rangi za wasanii alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile inayopakwa baiskeli. Picha zake zilikuwa na mnyama au ndege mmoja mkubwa katikati, usuli wa rangi moja au mbili, mstari wa pembeni ulio wazi, na madoa au mistari ya mapambo mwilini mwa mnyama. Aliuza picha hizo nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay, mtaa uliokuwa na wageni wengi. Shirika la sanaa la taifa lilipoanza kununua na kuonyesha kazi zake, alipata nafasi ya kuishi kwa kuchora.

*Ndugu walioanza naye*

Tingatinga alipopata wanunuzi wengi kuliko picha alizoweza kumaliza, aliwaita watu wa karibu naye. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Ajaba Abdallah, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Omari Amonde na Simon Mpata. Mpata alikuwa ndugu yake wa mzazi mmoja, na wengi wa waliobaki walikuwa jamaa au watu wa kwao kusini. Mafunzo hayakuwa na ada wala cheti. Kijana alifika kwa sababu ya undugu, akakaa, akapewa kazi ndogo, na kadiri mkono wake ulivyotulia ndivyo alivyopewa kazi kubwa zaidi.

*Kifo cha mapema*

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi ya polisi baada ya kudhaniwa kuwa mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Mwanawe Daudi alikuwa bado mtoto mdogo sana, hawezi kushika brashi.

Hapa ndipo penye uzito wa mfano huu. Kwa hesabu ya kawaida mtindo ule ungekwisha siku hiyo: mwanzilishi ameondoka, hakuna kitabu alichoandika, hakuna shule, na wanafunzi wamekaa naye muda mfupi. Familia ilikuwa imepoteza mtu aliyeileta riziki, na wale vijana walikuwa wamepoteza jina lililowavuta wanunuzi. Hata hivyo hawakurudi kwenye vibarua. Waliendelea kuchora palepale, wakawafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Daudi alipokua akawa mchoraji, na mtindo wa baba yake alifundishwa na watu ambao baba huyo aliwafundisha.

9.4 Urithi ulipitia njia gani?

Swali la "eleza jinsi" linataka njia, halitaki majina peke yake. Kumbuka njia nne zifuatazo.

*Kwanza, vifaa.* Ukubwa na umbo la ubao huamua umbo la picha. Ubao wa mraba humwelekeza mchoraji kumweka mnyama mmoja katikati. Rangi inayong'aa haichanganyiki kwa ulaini kama rangi za maji, hivyo humlazimisha mchoraji kutumia maeneo ya rangi yaliyokatwa wazi na mistari iliyonyooka. Mwanagenzi aliyepewa ubao uleule na kopo lilelile la rangi alianza kukaribia mtindo wa mwalimu wake hata kabla hajafundishwa neno.

*Pili, hatua za kazi.* Picha ya mtindo huu hujengwa kwa mpangilio: kutayarisha ubao, kupaka usuli, kuchora umbo, kujaza rangi, kisha kuweka madoa na mistari ya mwisho. Kazi inayogawanyika katika hatua ni rahisi kumfundisha mtu. Kwa kawaida mwanagenzi huanza na kutayarisha na kupaka usuli, akapanda hadi kujaza rangi, na mwishowe akaachiwa umbo na mapambo. Tingatinga hakuficha hatua hizo, na kwa sababu hiyo wanafunzi wake waliweza kuzikamilisha bila yeye.

*Tatu, msamiati wa picha.* Kila mtindo una "maneno" yake. Katika mtindo wa Tingatinga, maneno hayo ni chui mwenye madoa, tembo, ndege wenye mikia mirefu, nyati, samaki, mti wenye matawi yaliyopangwa. Kijana aliyeyajua maneno haya aliweza kuyapanga upya akapata picha mpya, kama vile ujuavyo maneno machache ya lugha ukaweza kutunga sentensi ambayo hukuwahi kuisikia.

*Nne, soko.* Wanafunzi walirithi pia mahali pa kuuzia na wateja waliokwisha kuijua kazi ile. Usidharau hoja hii. Kijana anaweza kujua kuchora vizuri akaacha kwa njaa. Walioanza na Tingatinga walikuta watu wanaofika palepale kuulizia picha za namna ileile.

Kumbuka: Njia hizi nne hupitisha ufundi. Hazipitishi jicho la msanii, yaani uamuzi wake wa nini kinafaa kuchorwa na kwa nini. Hilo kila mmoja hulijenga mwenyewe, na ndilo linalotofautisha mwanafunzi mmoja na mwingine.

9.5 Wanafunzi walibadilisha nini?

Mtindo uliorithiwa haukubaki vilevile. Mabadiliko makuu ni haya:

1. *Usuli.* Rangi moja tupu iliongezewa rangi zinazofifia kutoka moja kwenda nyingine, na wakati mwingine mlima, ziwa au machweo.
2. *Wingi wa maumbo.* Mnyama mmoja katikati alipata wenzake. Zikaja picha zilizojaa ndege au wanyama kutoka pembe moja hadi nyingine.
3. *Mambo yanayochorwa.* Wachoraji waliingiza maisha ya kijiji, soko, hospitali, mganga na wagonjwa wake, na mashetani. Mohamed Charinda alijulikana kwa picha zinazosimulia visa na historia, zenye watu wengi na matukio kadhaa ndani ya ubao mmoja.
4. *Vifaa.* Wengi walihamia kwenye kitambaa kilichowambwa, kwa kuwa mgeni anaweza kukikunja na kukisafirisha kwa urahisi kuliko ubao.
5. *Eneo.* Simon Mpata alikwenda kufanya kazi Nairobi, na mtindo ukavuka mpaka. Miaka mingi baadaye, katuni za watoto *Tinga Tinga Tales*, zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zilichukua sura na jina lake kutoka kwenye uchoraji huu.

Ona kwamba mabadiliko haya yana sababu. La nne lilitokana na mnunuzi. La tatu lilitokana na wachoraji kutaka kueleza mambo waliyoyaona wenyewe. Ukitaja badiliko bila sababu yake, hoja yako haijakamilika.

9.6 Mfano wa pili: George Lilanga

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, katika jamii ya Wamakonde, na alianza kama mchongaji. Alifika Dar es Salaam miaka ya 1970. Huko Augustino Malaba, mchongaji wa ukoo wake, alikuwa tayari akifanya kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Kwa msaada wa Malaba, Lilanga alipata kazi ya ulinzi hapo. Vinyago vyake vilipoonekana, mlinzi akaingizwa miongoni mwa wasanii. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa Washington, Marekani.

Kabla hajawa mlezi, basi, Lilanga alikuwa mtu aliyelelewa. Malaba hakumpa mtindo, alimfungulia mlango. Huo pia ni ulezi wa kisanaa, na watahiniwa wengi husahau kuutaja.

Mtindo wa Lilanga ulitokana na mashetani ya uchongaji wa Kimakonde. Watu wake wana masikio makubwa, matumbo yaliyovimba, midomo mipana, na vidole vichache vya miguu na mikono. Wanacheza, wanabishana, wanacheka. Alivitoa viumbe hivi kwenye mti mweusi akavipeleka kwenye karatasi, ngozi ya mbuzi, bati na turubai, akavipa rangi kali. Hakuwa mwanafunzi wa Tingatinga, ingawa wachoraji wa Dar es Salaam walionana na kuathiriana.

Katika miaka yake ya mwisho Lilanga aliugua kisukari, akapoteza miguu. Aliendelea kufanya kazi akiwa ameketi, akisaidiwa na vijana, wakiwamo wa ukoo wake. Mjukuu wake, Hendrick Lilanga, alijifunza kwake na anachora watu walewale wenye masikio makubwa na rangi kali. Lilanga alifariki Dar es Salaam mwaka 2005.

Fikiria hali ya msaidizi wa namna hiyo. Babu anachora mstari, mjukuu anajaza rangi. Mkono wa kijana unazoea mwendo wa mkono wa mzee mpaka mtazamaji hawezi kusema mmoja umeishia wapi na mwingine umeanzia wapi. Ni mafunzo bora kuliko darasa lolote. Lakini siku mzee asipokuwapo, kijana anabaki na swali gumu: nikichora hivihivi, je, ninaendeleza ukoo, au ninaendelea kuwa msaidizi wa mtu aliyekwisha kuondoka?

9.7 Kulinganisha mifano miwili

| Kipengele | Tingatinga | Lilanga |
|---|---|---|
| Chanzo cha mtindo | Alijifunza mwenyewe mjini | Uchongaji wa Kimakonde |
| Muda wa kuwalea wengine | Mfupi, aliuawa 1972 | Mrefu, hadi kifo chake 2005 |
| Waliorithi | Kundi la ndugu na watu wa kwao, kisha ushirika | Wasaidizi wachache na mjukuu |
| Jina la mtindo | Limekuwa jina la kundi zima | Limebaki jina la mtu na ukoo wake |
| Hatari kuu | Picha nyingi kufanana | Kijana kutotofautishwa na mzee |

Tofauti ya nne ni muhimu kuliko zote. Mchoraji wa leo anaweza kusema "mimi ni mchoraji wa Tingatinga" bila kuwa na damu ya Edward. Hawezi kusema hivyo kuhusu Lilanga. Katika mfano wa kwanza undugu ulikuwa mlango wa kuingilia, na baadaye mlango huo ulifunguliwa kwa watu wote. Katika mfano wa pili undugu ulibaki sehemu ya jina lenyewe.

9.8 Je, kufuata mtindo wa mzee ni faida au hasara?

*Faida*

- Kijana hupata ujuzi na riziki mapema. Haanzi kutafuta njia ambayo mzee ameshaifyeka.
- Mtindo huendelea hata mwanzilishi akifa. Bila wanafunzi wake, Tingatinga angebaki jina la mchoraji mmoja wa miaka minne.
- Jamii hupata utambulisho. Picha za Tingatinga zinatambuliwa kama sanaa ya Tanzania katika nchi nyingi.

*Hasara*

- Soko hudai kilichozoeleka. Mnunuzi akitaka chui yuleyule kila siku, mchoraji anayelipia kodi ya nyumba atamchora chui yuleyule.
- Jina la kijana humezwa. Kazi yake husifiwa kwa jina la babu au la kundi.
- Mlango wa kughushi hufunguka. Kadiri mikono inavyofanana, ndivyo ilivyo rahisi kwa mdanganyifu kuweka saini ya mzee kwenye kazi isiyo yake.

Hapa tofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuchora kwa mtindo wa mzee na kuweka saini yako mwenyewe ni kujifunza au kuendeleza. Kuchora na kuweka saini ya mzee ni kughushi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda kazi iliyotengenezwa. Hailindi wazo tupu wala njia ya kufanya kazi. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuwazuia wengine wasichore chui mwenye madoa kwa rangi inayong'aa, lakini hakuna ruhusa ya kunakili picha ya mtu na kuiuza kama yako.

*Ngazi tatu za mwanagenzi*

Ili jibu lako lisiishie kwenye orodha za faida na hasara, tumia ngazi hizi kupima alipofikia msanii kijana:

1. Kuiga. Anachora alichochora mzee, kwa namna aliyochora mzee. Ngazi hii ni ya lazima. Mkono hauwezi kuiruka.
2. Kuongeza. Anatumia mistari na rangi za mzee kuchora jambo ambalo mzee hakulichora. Charinda na picha zake za historia ni mfano mzuri.
3. Kujitegemea. Mtazamaji anamtambua yeye kwanza, kisha anakumbuka alikotoka.

Anayebaki ngazi ya kwanza maisha yake yote hajafanya kosa, ila kazi yake hutegemea jina la mwingine. Anayetaka kuanza ngazi ya tatu bila kupita ya kwanza mara nyingi hukosa ufundi wa kumfikisha huko.

9.9 Swali na jibu la mfano

*Swali:* "Undugu ndio uliookoa mtindo wa Tingatinga baada ya mwaka 1972." Jadili.

*Kabla ya kujibu:* Neno "jadili" linakutaka uangalie pande zote mbili, kisha utoe msimamo. Jiulize: undugu ulifanya nini, na nini kingine kilihitajika?

*Jibu:*

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 na kuuawa mwaka 1972. Mtindo wake uliendelea, na undugu ulikuwa sababu mojawapo kubwa, ingawa haikuwa sababu pekee.

Ni kweli kwamba undugu ulileta wanafunzi wa kwanza. Tingatinga hakuwa na shule wala fedha za kuajiri watu. Aliwaita jamaa na watu wa kwao, kama Simon Mpata na wenzake, ambao walikubali kukaa naye kwa kuaminiana. Pia undugu uliwapa sababu ya kuendelea baada ya kifo chake, kwa kuwa kazi ile ilikuwa riziki ya familia zao.

Hata hivyo, undugu peke yake usingetosha. Kwanza, ufundi wenyewe ulifundishika, kwa sababu picha ilijengwa kwa hatua zinazoeleweka na vifaa vyake vilipatikana madukani. Pili, palikuwa na mahali pa kuuzia, Morogoro Stores, na wateja waliokwisha kuijua kazi. Tatu, wachoraji walijipanga, wakafikia kuunda chama cha ushirika mwaka 1990, na wakawapokea watu wasio wa ukoo. Hoja hii inaonyesha kuwa mtindo ulidumu pia kwa sababu ulivuka mipaka ya undugu. Hata Daudi, mwana wa Tingatinga, alikuwa mdogo mno kufundishwa na baba yake. Aliupata mtindo kwa wale ambao baba yake aliwafundisha.

Kwa hiyo, undugu uliuanzisha urithi huo na kuuvusha katika wakati mgumu, lakini ulioudumisha ni ufundi uliofundishika, soko, na utayari wa wanafunzi kuwafundisha watu wengine.

*Kwa nini jibu hili ni zuri:* Limetoa msimamo mwanzoni na mwishoni. Kila hoja ina mfano. Limekubali sehemu ya kauli na kupinga sehemu nyingine kwa sababu.

9.10 Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba Lilanga alikuwa mwanafunzi wa Tingatinga. Asili ya mtindo wake ni uchongaji wa Kimakonde.
- Kusema mtindo wa Tingatinga ni wa kale sana. Ulianza mwaka 1968, mjini.
- Kudai kwamba kuiga kote ni wizi. Tofautisha kuiga kwa kujifunza na kughushi.
- Kutaja majina mengi bila kueleza kila mmoja alifanya nini.

9.11 Muhtasari

Mzee mchoraji huwaathiri vijana wa ukoo wake kwa vifaa, hatua za kazi, msamiati wa picha na soko. Tingatinga aliwalea wenzake kwa muda mfupi, lakini hakuwaficha hatua, na kazi ikaendelea bila yeye. Lilanga alifunguliwa mlango na mtu wa ukoo wake, naye akawalea vijana wake kwa miaka mingi. Mwanagenzi hupita ngazi ya kuiga, kuongeza na kujitegemea. Mtindo hurithiwa kwa uaminifu pale kijana anapoweka saini yake mwenyewe.

9.12 Maswali ya kujipima

1. Fafanua tofauti kati ya uanagenzi na ulezi wa kisanaa.
2. Eleza jinsi ubao wa mraba na rangi ya baiskeli vilivyochangia sura ya picha za Tingatinga.
3. Taja mabadiliko matatu yaliyofanywa na waliomfuata Tingatinga, na utoe sababu ya mawili kati ya hayo.
4. Malaba hakumpa Lilanga mtindo. Kwa nini bado tunasema alimlea?
5. Kijana amechora picha inayofanana sana na za babu yake marehemu. Mnunuzi anamwahidi fedha mara mbili akiweka saini ya babu. Mshauri kijana huyo kwa hoja tatu.
6. "Mwana hutazama kisogo cha nina." Jadili ukweli wa methali hii kwa kutumia wachoraji wawili uliowasoma.
7. *Kazi ya vitendo:* Mtafute fundi mmoja katika ukoo au mtaa wako: mchongaji, mshonaji, msusi, mfinyanzi au mhunzi. Muulize alifundishwa na nani, alianza na kazi gani ndogo, na ni jambo gani analolifanya tofauti na mwalimu wake. Andika majibu yake katika ukurasa mmoja, kisha eleza yuko ngazi ipi kati ya tatu ulizosoma.